Kuchoma CD za Muziki: Diski Ipi, kwa Mashine Ipi

Kuna watu wanashangaa kusikia kwamba CD bado zinachomwa. Waje soko la Mwanjelwa, Mbeya, siku za kuelekea Krismasi, au wasimame mlangoni mwa kanisa lolote Tukuyu kwaya ikizindua albamu. Flashi imechukua sehemu kubwa ya kazi, hilo halina ubishi. Lakini wapo mama zetu wenye deki ya DVD ambayo tundu lake la flashi lilishakufa, zipo Coaster zenye redio ya miaka hiyo, na yapo magari yaliyokuja kutoka Japani na redio zake zile zile.

Haya ya Japani yana habari yake. Redio iliyotengenezewa soko la kule, FM yake huanza 76, na nyingi za zamani huishia 90. Stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Mwenye gari anajikuta ana stesheni moja mbili au hana kabisa, na asipofunga redio nyingine, CD ndiyo muziki wake wote kutoka Uyole, Mbeya, mpaka Ipogolo, Iringa.

Diski nyingi huharibika kwa uamuzi uliofanyika dukani, kompyuta ikiwa bado imezimwa. Mtu anaangalia bei, anaangalia ukubwa, anasema hii ya GB 4.7 itabeba nyimbo nyingi, anarudi nayo nyumbani. Kisha redio ya gari inaitema. Mpangilio wangu ni huu: kwanza mashine itakayopiga, halafu namna ya kuchoma, halafu diski yenyewe. Programu ya kompyuta ni ya mwisho, na kwa kweli ndiyo sehemu rahisi.

Hatua ya kwanza: isome mashine

Nenda kwenye redio au deki yenyewe, angalia usoni mwake, karibu na mlango wa CD. Utakuta alama ndogo zilizochapwa. Ikiwa kuna alama ya Compact Disc yenye maneno Digital Audio peke yake, hiyo mashine inataka CD ya sauti, ile ya kawaida ya albamu. Ukiona MP3 au WMA, inasoma pia faili. Ukiona neno ReWritable, inakubali hata diski za kufutika. Alama ya DVD inaeleweka.

Kama alama zimefutika kwa kushikwashikwa, muulize mwenye mashine swali moja: amewahi kupiga CD yenye nyimbo mia? Akijibu ndiyo, inasoma MP3. Akijibu kwamba CD zake zote huwa na nyimbo kumi hadi ishirini, chukulia kwamba haisomi mpaka ujaribu.

Ukiwa unachomea watu wengi usiowajua, kwa mfano kwaya inauza nakala hamsini baada ya ibada, huwezi kukagua redio ya kila mtu. Hapo choma CD ya sauti kwenye CD-R, basi. Ndiyo inayopigwa na mashine nyingi kuliko nyingine yoyote, tangu redio kaseti yenye CD ya babu mpaka deki mpya.

Hatua ya pili: CD ya sauti au CD ya MP3

Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

CD ya sauti inafuata kanuni ambazo Philips na Sony walikubaliana mwaka 1980: sauti isiyobanwa, sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, biti 16, spika mbili. Kinachohesabiwa humo ni dakika. Diski ya kawaida ni dakika 80, na nyimbo haziwezi kuzidi 99. Uzito wa faili zako kwenye kompyuta hauhusiki kabisa. Ndiyo maana mtu mwenye nyimbo mia za MP3 zenye MB 500 analalamika kwamba diski imeandikwa MB 700 lakini programu inakataa baada ya wimbo wa kumi na sita. Programu inazifungua MP3 zote na kuzirudisha katika sauti kamili, na sauti kamili hula takriban MB 10 kwa kila dakika.

Mwerevu atauliza: dakika 80 mara MB 10 ni MB 800, zimeingiaje kwenye diski ya 700? Swali zuri. Diski imegawanywa katika vipande. Kwenye CD ya sauti kila kipande hubeba baiti 2,352 za muziki. Kwenye CD ya faili hubeba 2,048, nafasi inayobaki hutumika zaidi kurekebisha makosa ya usomaji. Kwenye muziki, mkwaruzo mdogo redio huufunika bila sikio kujua. Kwenye faili, baiti moja ikipotea ni tatizo, kwa hiyo ulinzi ni mkubwa zaidi.

CD ya MP3 ni CD ya faili. Hapo kinachohesabiwa ni MB. MP3 ya kbps (kilobiti kwa sekunde) 128 hula karibu MB 1 kwa dakika, kwa hiyo diski moja inabeba saa kumi na moja na zaidi. Ya kbps 320 hula MB 2.4, unapata kama saa tano. Dereva wa Mbeya–Kyela anayejua redio yake inasoma MP3 hana sababu ya kubeba diski kumi.

Hesabu ya haraka kwa kwaya: nyimbo zetu huwa ndefu, dakika sita, saba, kuna mapambio yanayofika tisa. Albamu ya nyimbo kumi ni kama dakika 65. Inaingia vizuri kwenye CD ya sauti na nafasi inabaki. Usihangaike kuijaza.

Hatua ya tatu: diski yenyewe

Ukishajua mashine na namna, uchaguzi unakuwa mfupi kuliko unavyodhani.

CD-R huandikwa mara moja, haifutiki. Ndiyo diski ya kazi hii kwa asilimia kubwa. Ndani yake kuna tabaka la rangi maalumu ambalo leza ya kompyuta hulichoma, na juu yake kioo chembamba cha chuma. Inarudisha mwanga karibu sawa na CD ya kiwandani, na kwa sababu hiyo hata redio ya zamani inadanganyika na kuisoma.

CD-RW inafutika na kuandikwa tena, kwa maelezo ya watengenezaji kama mara 1,000. Ilikuja sokoni 1997. Tatizo lake ni mwanga: inarudisha asilimia 15 hadi 25 tu ya mwanga wa leza, na mashine isiyotengenezwa kwa ajili yake inaona giza. Redio za magari za miaka ya tisini karibu zote zitaikataa. Ninayo moja ya kujaribia mpangilio wa nyimbo kabla ya kuchoma nakala za kweli, na kwa kazi hiyo ni nzuri. Kumuuzia mtu, hapana.

DVD-R na DVD+R zina GB 4.7. Alama ya kujumlisha na ya kutoa ni kambi mbili za watengenezaji zilizogombana. Mashine za baada ya mwaka 2005 au hapo husoma zote, na deki kongwe huelewana zaidi na ile ya kutoa. Jambo la kukumbuka ni kwamba redio ya CD haisomi DVD kamwe, hata uchome kwa ustadi gani. Leza ya CD ina urefu wa wimbi wa nanomita 780, ya DVD 650, na tabaka la taarifa kwenye DVD liko katikati ya unene wa diski, wakati la CD liko juu kabisa chini ya lebo. DVD ina maana kwa video ya kwaya, au kwa MP3 nyingi za kupigwa kwenye deki uliyoijaribu wewe mwenyewe. Zile za tabaka mbili za GB 8.5, na Blu-ray, ziache; kwa muziki ni gharama bila faida.

Sasa unaposimama kaunta. Chukua CD-R ya sentimita 12, dakika 80, MB 700. Zipo zilizoandikwa dakika 90 au 99. Hizo zimebana mistari kuliko kanuni inavyoruhusu na mashine nyingi hukwama mwishoni. Zipo ndogo za sentimita 8, nzuri machoni, lakini ukiiingiza kwenye redio ya gari ya kumeza CD kwa mdomo mwembamba, huenda usiione tena mpaka fundi afungue dashibodi. Na zipo zilizoandikwa Music au For Audio, bei juu kidogo. Hizo zilitengenezwa kwa ajili ya mashine za nyumbani za kurekodia CD, zile za kusimama zenyewe bila kompyuta, ambazo hukataa diski za kawaida. Kompyuta haijali. Muuzaji akikwambia sauti itatoka safi zaidi, mwitikie kwa heshima, chukua ya kawaida.

Omba kuifungua moja uinyanyue kuelekea taa au dirisha. Ukiona vitundu vya mwanga vinapenya kama sindano, au ukingo wa nje una doa lisilo na rangi, rudisha. Jina la kwenye boksi halikuambii aliyetengeneza, maana kampuni nyingi hununua diski kwa viwanda vingine na kubandika nembo yao. Ukweli umeandikwa ndani ya diski tupu yenyewe: weka kwenye kompyuta, fungua ImgBurn, programu ya kuchomea diski, upande wa kulia itakuonyesha msimbo wa mtengenezaji. Kwa mfano 97m24s01f ni Taiyo Yuden wa Japani, waliokuwa waanzilishi wa CD-R mwaka 1988 na ambao waliacha kutengeneza diski 2015. 97m15s17f ni Ritek, 97m26s66f ni CMC, wote wa Taiwan. Ukipata boksi linalofanya kazi vizuri, andika msimbo wake. Safari ijayo nembo ile ile inaweza kuwa na diski nyingine kabisa ndani.

Hatua ya nne: andaa nyimbo

Mwambie mtu wa studio akupe WAV, faili ya sauti isiyobanwa, ya 44.1 kHz (ndizo zile sampuli 44,100), biti 16. Studio nyingi zinazotengeneza na video hukupa 48 kHz. Itabadilishwa wakati wa kuchoma, si balaa, ila ukipata ile ya 44.1 umeepuka ubadilishaji mmoja. Wimbo uliotumwa WhatsApp kama sauti umebanwa, na kuugeuza CD ya sauti hakurudishi kilichopotea. Kama lazima kutuma kwa simu, utume kama dokumenti.

Ziweke nyimbo zote kwenye folda moja ndani ya kompyuta. Usichome moja kwa moja kutoka kwenye flashi, kwa sababu flashi ikisita, kazi nzima inasita. Zipe namba mbele ya jina: 01, 02, mpaka 10. Kwa CD ya MP3 hili ni la lazima, kwani redio nyingi hupanga kwa jina na 10 itatangulia 2 usipoweka sifuri. Majina yawe mafupi, bila alama za ajabu. Faili za m4a na opus zigeuze kuwa MP3 kwanza, redio nyingi za magari hazizijui.

Sikiliza mwanzo na mwisho wa kila wimbo. Kwaya iliyorekodi studio mbili tofauti huwa na nyimbo zinazonong'ona na nyingine zinazopiga kelele. Sawazisha hapa, kwenye Audacity au programu nyingine ya sauti.

Hatua ya tano: kuchoma

Laptop za sasa hazina mlango wa CD, kwa hiyo utahitaji kichomeo cha nje cha USB. Chomeka kwenye tundu la laptop lenyewe, usipitishe kwenye kigawanyio cha matundu. Kama waya wake una vichwa viwili, vyote vina kazi: kimoja hakitoshi umeme wakati leza inaandika.

Umeme nao ni adui. Vichomeo vya kisasa vina ulinzi wa kusubiri taarifa zikichelewa, lakini ulinzi huo haufanyi lolote umeme ukikatika. CD-R iliyokatizwa katikati huwa kisahani cha kuwekea kikombe. Tumia laptop yenye betri iliyojaa. Wa kompyuta ya mezani asubiri mvua ya radi ipite, na wa Rungwe anajua kwamba kusubiri huko kunaweza kuwa mpaka kesho.

Ukiingiza diski tupu kwenye Windows, huuliza unataka kuitumiaje. Kuna chaguo la Like a USB flash drive na la With a CD/DVD player. La kwanza hutengeneza diski inayosomeka zaidi kwenye kompyuta, na watu wengi wanaosema "CD yangu inapiga kwenye laptop tu" walibonyeza hapo. Kwa CD ya MP3 chagua la pili. Kwa CD ya sauti funga dirisha hilo lote, fungua Windows Media Player. Kwenye Windows 11 tafuta ile yenye neno Legacy, ndiyo yenye sehemu ya Burn.

Kwenye Burn, fungua machaguo uhakikishe imeandikwa Audio CD, maana ikibaki Data CD utapata diski ya faili bila kujua. Buruta nyimbo kwa mpangilio. Hapo hapo itakuonyesha dakika zilizobaki. Katika machaguo ya ziada kuna kasi, kuna kusawazisha sauti, na kuna kuchoma bila nafasi kati ya nyimbo. Kawaida nafasi ni sekunde mbili. Kama ni ibada au tamasha lililorekodiwa moja kwa moja, makofi yanayotoka wimbo mmoja hadi mwingine, weka bila nafasi, vinginevyo makofi yatakatika katikati kama mtu amezima redio.

Kwa watumiaji wa Linux, K3b na Brasero zinafanya yote haya vizuri. ImgBurn ni nzuri sana ila kwa CD ya sauti inataka kwanza utengeneze faili ya CUE, yaani orodha ya nyimbo na mpangilio wake. Siipendekezi kwa anayeanza. Ukikutana na neno disc-at-once, lichague: leza inaandika tangu mwanzo hadi mwisho bila kunyanyuka.

Kasi. Boksi limeandikwa 52x, usiifuate. Nachoma kwa 16x, diski kamili inachukua dakika tano hadi sita. Kasi kubwa huongeza makosa ukingoni mwa diski. Lakini usishuke mpaka 4x ukidhani ndiyo uangalifu: diski za leo zimetengenezewa kasi kubwa, na polepole mno nako huleta makosa. Kati ya 8x na 24x uko salama.

Mwisho wa kuchoma, diski lazima ifungwe. Programu nyingi hufanya zenyewe, zingine huuliza kama unataka kuongeza nyimbo baadaye. Jibu hapana. CD isiyofungwa kompyuta inaielewa, redio inazunguka nayo weee, kisha inaandika ERROR.

Hatua ya sita: jaribu kwenye mashine mbovu

Usijaribu kwenye kompyuta iliyoichoma, hiyo ni kumuuliza mpishi kama chakula kimekolea. Ipeleke kwenye deki ya zamani kuliko zote unayoweza kuipata, na redio ya gari moja. Piga sekunde thelathini za wimbo wa kwanza, kisha ruka mpaka wa mwisho.

Dalili zinasema mengi. Isipoanza kabisa, haikufungwa, au mashine haipatani na aina ya diski. Ikianza vizuri na kurukaruka kwenye nyimbo za mwisho, tatizo liko ukingoni, kwani CD husomwa kutoka katikati kwenda nje: punguza kasi, au punguza nyimbo zisizidi dakika 74. Ikirukaruka popote na diski zote, hata za kiwandani, lenzi ya mashine imechoka au ina vumbi, na diski yako haina kosa.

Kuna dalili ya nyanda za juu peke yake. Asubuhi ya Juni au Julai, Njombe, Makete, Mbeya penyewe, gari limelala nje kwenye baridi kali. Dereva anawasha hita, hewa yenye unyevu inagusa lenzi baridi, ukungu unashika, redio inakataa kila CD. Anasema, "Bwana, hizi CD zako zimeisha nguvu." Mwambie asubiri nusu saa lenzi ikauke, ajaribu tena.

Hatua ya saba: kuandika juu yake na kuzitunza

Upande wa lebo ndio dhaifu kuliko wote. Chini ya rangi ile kuna taarifa zako moja kwa moja, tofauti na upande wa chini wenye plastiki ya zaidi ya milimita moja. Usiandike kwa biki, unachora ndani ya wimbo. Tumia kalamu laini ya CD, yenye wino wa maji. Lebo za karatasi za kubandika ziepuke: zikikaa upande kidogo diski inayumba ikizunguka, na kwenye joto la dashibodi hubanduka na kunasa ndani ya redio.

Uchafu ufute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, mstari ulionyooka. Kufuta kwa mzunguko huacha mkwaruzo unaofuata njia ya leza, ambao mashine hushindwa kuurekebisha. Jua huua rangi ya CD-R, kwa hiyo juu ya dashibodi hapafai hata siku moja.

Kuhusu kuuza: nyimbo za kwaya ni mali ya waliozitunga na kuziimba, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda. Kwaya isajili kazi yake COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla ya kusambaza. Mtu akikuletea albamu ya wengine uichome nakala mia, mwombe kibali cha wenyewe, asipokuwa nacho mrudishie diski yake.

WAV za asili ziweke sehemu mbili, diski ngumu ya nje na kompyuta nyingine, CD-R isiwe ndiyo hazina pekee. Na juu ya kila nakala andika jina la kwaya, mwaka, na neno moja: SAUTI au MP3. Hilo neno la mwisho litakupunguzia simu za jioni kutoka kwa watu wenye redio zisizosoma faili.